Ngata

Mama yangu, Nyanjige, alipanda Bugarika
miaka thelathini na mbili, ndoo kichwani,
mikono huru, akimenya karanga njiani.
Ziwa lote liko pale chini, unaliona;
kulipandisha ndiyo kazi.
Ngazi za mawe, mahali pengine si ngazi, ni mawe tu,
na maji hayakumwagika
ila labda pale alipocheka.

Siku hizi anaanguka hana mzigo.

Kilianza kidole gumba cha kulia,
kikisugua cha shahada kama anayehesabu noti.
Tukamtania: Mama, unamlipa nani?
Kisha sauti ikapungua. Mwandiko wake
kwenye daftari la vikoba ukawa mdogo, mdogo,
msafara wa sisimizi.
Kisha mlangoni: miguu inagoma kizingitini,
kiwiliwili kinatangulia
kama abiria aliyeruka gari halijasimama,
na mikono, ile iliyokuwa huru,
haiwahi mbele kuuokoa uso.

Daktari kule Bugando alilitaja jina, Pakinsoni,
akaandika vidonge na saa za vidonge,
akanigeukia mimi:
“Kutetemeka hakuui. Linda kichwa.”
Nilisikia. Sikuelewa.

Mwezi wa nne aligonga kisogo kwenye lile jiwe la jikoni,
jiwe tulilolikuta, nyumba ikajengwa kulizunguka.
Hakukuwa na damu. Nundu tu, kama yai la kware.
Tukaikanda kwa barafu ya ubuyu ya kwa Mama Kulwa,
alipomaliza kukandwa akaila.
Wiki mbili mzima, akinigombeza kama kawaida.
Wiki ya tatu akaanza kusinzia mchana,
kijiko mkononi,
akamwita mke wangu jina la dada yake marehemu.
Tukasema uzee. Tukasema vidonge.
Kumbe ni damu, inachuruzika chini ya fuvu, polepole,
kama bomba bovu usiku:
husikii kitu mpaka bili ije.

Walimtoboa tundu.
Nywele walizonyoa nilizitia mfukoni mwa jaketi.
Sijui kwa nini.

Sasa mikeka nimeikunja.
Waya wa redio nimeupigilia ukutani.
Jiwe nimelivalisha godoro kuukuu,
limekaa pale kama mgeni aliyelewa.
Sakafuni nimechora mistari ya rangi nyeupe,
kila hatua na mstari wake. Ajabu:
miguu inayogomea sakafu tupu
hukubali kuvuka mstari.
Asubuhi anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda,
tunahesabu wote, kwa Kisukuma,
hadi kizunguzungu kipite.

Nikamletea na helmeti, ile ya abiria,
yenye harufu ya vichwa vya mji mzima.
Akaitazama. Akanitazama.
“Maduhu. Wewe unashuka Igoma kila siku
na hii umeining'iniza kwenye usukani.
Kichwa chako ni cha nani?”
Nikanyamaza, ule unyamavu
wa mtu aliyesimamishwa na trafiki.

Tulipatana hivi: yeye avae, nami nivae.
Lakini akaweka sharti.
Alilifuata kabati, mstari kwa mstari, akakataa nimshike,
akatoa ngata yake,
khanga iliyosokotwa, imebonyea
kwa ndoo zote zile,
akaitua utosini,
kisha akainamisha kichwa nimvike helmeti juu yake.

Alfajiri nikiwasha pikipiki namwona dirishani,
anavuka mstari, anavuka mstari,
kichwa wima, kimetulia,
na mwili wote chini yake unatetemeka
kama maji ndani ya ndoo.